Nerikiri inanata, mochi imekakamaa: kutafuta kosa lilipoanzia

Dada mmoja wa Mombasa alikuja kwenye darasa la wagashi, yaani vitamutamu vya asili vya Kijapani, ninapofanya kazi ya kusaidia na kutafsiri, hapa Kyoto, mwezi wa sita, mvua za tsuyu zikiwa zimeanza. Alifinyanga ua la ajisai la zambarau na buluu kwa nerikiri, donge la anko nyeupe, yaani maharage meupe yaliyopondwa na sukari. Lilitoka zuri kiasi kwamba sensei, mwalimu wetu, alilishika kiganjani akalizungusha mara mbili kabla ya kulirudisha kwenye sahani. Wiki tatu baadaye dada akanipigia simu kutoka nyumbani kwake.

"Kakangu, kitu hiki kimenishinda. Nimekanda wee, mpaka viganja vinauma, na bado kinanata kama ulimbo."

"Pole, dadangu. Hebu niambie, ile anko nyeupe uliikausha mpaka ikawaje?"

Kimya. "Kuikausha tena? Si ilikuwa imeshaiva?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya. Darasa la wagashi huchukua saa moja au saa moja na nusu. Unakuta mezani vidonge vimeshapimwa na kufungwa kwenye plastiki nyembamba: vya rangi kwa nje, vya anko kwa ndani. Kazi yako ni kufunika, kuchora mistari kwa kijiti cha pembetatu, kula pamoja na matcha, ile chai ya kijani ya unga, na kupiga picha. Nusu ya kwanza ya kazi ilimalizwa jana yake na mtu aliyesimama mbele ya sufuria: kuloweka maharage, kuchemsha, kuchekecha, kukamua, kusonga na kukausha. Hiyo nusu hukuiona, na makosa mengi yanayojitokeza mkononi mwako nyumbani yalizaliwa humo.

Mtu akiniletea tatizo lolote la wagashi siku hizi, swali langu la kwanza ni: maji yako wapi? Yamebaki ndani zaidi ya inavyotakiwa, yametoka mapema, au yamekimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine? Utaona jinsi swali hilo linavyofungua karibu kila mlango.

Kwanza maneno machache. Anko ni maharage yaliyopikwa, yakapondwa na kusongwa pamoja na sukari. Ile nyekundu hutokana na azuki, na ile nyeupe, shiroan, hutokana na maharage meupe. Nerikiri ni shiroan iliyokaushwa na kuchanganywa na gyuhi, ambayo ni donge laini la unga wa mchele wa kunata lililopikwa na sukari. Kipimo tunachowapa wanaotaka kujaribu nyumbani ni shiroan gramu 300, unga wa mchele wa kunata uitwao shiratamako gramu 10, maji mililita 20 na sukari gramu 20. Kumbuka pia kwamba hapa Kyoto nyumba nyingi za zamani hutumia konashi, yaani anko iliyochanganywa na unga wa ngano, ikapikwa kwa mvuke kisha ikakandwa. Kama darasa lako lilitumia konashi na wewe nyumbani umefuata maelekezo ya nerikiri, usishangae kitu kikiwa tofauti mkononi hata pale ambapo hujakosea.

Inanata mkononi

Gusa donge la nerikiri kwa mgongo wa kidole. Likikiachia kidole bila kubakiza kitu, liko sawa. Likikifuata, lina maji mengi, na mara nyingi maji hayo yamebaki tangu jikoni.

Shiroan ya kununua au ya kupika huwa na unyevu wa kutosha kuliwa kwa kijiko. Hali hiyo ni nzuri kwa anko, mbaya kwa nerikiri. Lazima ikaushwe kabla ya kukutana na gyuhi. Itandaze kwenye bakuli pana, funika kwa karatasi ya jikoni, iweke kwenye maikrowevu dakika mbili, geuza, kisha endelea dakika moja moja. Huna maikrowevu? Tumia sufuria pana na moto mdogo, ukigeuza kwa mwiko bila kuacha. Ikome pale inapofanana na viazi vilivyopondwa vilivyokauka juu, vyenye kama vumbi jeupe usoni. Hapo pima uzito wake na uuandike kwenye daftari. Mara ijayo mizani itakuambia, hutabahatisha.

Kama umeshachanganya na gyuhi ndipo unagundua inanata, hujachelewa. Irudishe kwenye moto nusu dakika nusu dakika, ukigeuza kila mara, mpaka mgongo wa kidole utoke mkavu.

Kisha hakikisha imepoa. Nerikiri ya moto hunata hata ikiwa imekaushwa sawasawa, na hapa ndipo kuna hatua ambayo wengi huiruka. Ukiitoa jikoni, iweke juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka hakidondoshi hata tone. Inyofoe vipande vipande vya ukubwa wa kidole gumba, viache vipumue, mvuke upande. Vikusanye kwa kitambaa, kanda mara kumi hivi, kisha nyofoa tena. Sensei wetu hurudia mara tatu au nne. Ukimtazama kwa karibu unaona donge likibadilika: mara ya kwanza lina rangi ya samli na uso wenye mikwaruzo, mara ya tatu limekuwa jeupe zaidi kwa sababu hewa imeingia, na ukilikata kwa kidole linakatika kwa uso laini kama sabuni mpya. Hakuna unga wala dawa inayoweza kuchukua nafasi ya kazi hiyo ya mikono.

Nasema hivyo kwa sababu najua kishawishi cha kunyunyiza wanga wa viazi au konflawa ili isinate. Kwa mochi, yaani donge la mchele wa kunata, na daifuku, ambayo ni mochi yenye anko ndani, wanga ni sahihi. Kwa nerikiri hapana: uso unafubaa, rangi inakuwa kama imepigwa vumbi, na ulimi unakutana na unga mbichi.

Inapasuka

Angalia ufa wenyewe kabla ya kutibu, kwa maana kuna ufa wa aina tatu na kila mmoja una asili yake.

Ukikandamiza kidonge na pembeni zikatoka nyufa fupi kuzunguka duara lote, kama tope la bwawa lililokauka, donge limekauka mpaka ndani. Ulilikausha kupita kiasi, au gyuhi ilikuwa kidogo. Hapa tengeneza shira: maji na sukari kwa uzito sawa, chemsha, acha ipoe. Ongeza nusu kijiko cha chai, kanda, jaribu, ongeza tena ikibidi. Watu hukimbilia maji ya bomba kwa kuwa yako karibu, lakini maji matupu hufanya sehemu moja iteleze huku nyingine ikibaki kavu, na yanapunguza siku za kitu kukaa bila kuchacha. Shira inaingia polepole na inabaki.

Ukiona ngozi nyembamba tu ndiyo imepasuka huku ndani kukiwa laini, donge liliachwa wazi. Kyoto wakati wa baridi, kipasha joto kikiwa kimewashwa, dakika tano zinatosha. Nyumbani kwako mhalifu atakuwa feni au kiyoyozi. Dawa ni kulikanda tena lote, kuichanganya ngozi na nyama, na tangu hapo kila kidonge usichokishika kikae chini ya kitambaa chenye unyevu au plastiki. Mimi huwaambia wageni: kidonge unachofanyia kazi ni kimoja, vingine vyote vilale vimefunikwa.

Ufa wa tatu ni wa baridi. Nerikiri iliyotoka kwenye jokofu hupasuka hata ikiwa na unyevu sahihi. Iache ipate joto la chumba ikiwa bado imefungwa, kwani ukiifungua ingali baridi, umande utaishukia na utahama kutoka tatizo la ufa kwenda tatizo la kunata. Kisha ikande upya.

Anko ya ndani inachungulia

Kufunika anko kwa tabaka la rangi ni ufundi unaoitwa hoan, na ndiyo sehemu inayowapa watu tabu zaidi darasani kwenyewe. Kidonge cha nje huwa gramu 25 hivi, cha ndani gramu 15 hadi 20. Ikiwa anko imetokeza upande mmoja tu, tazama jinsi ulivyoutandaza mduara wa nje. Katikati uache unene, pembeni uzifanye nyembamba, maana pembeni ndizo zitakazokusanyika kufunga mdomo. Wengi hufanya kinyume: katikati panakuwa pembamba kama karatasi na mdomo unabaki na fundo nene.

Wakati wa kufunga, usivute. Kidonge kikae kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kidole gumba cha kushoto kikizuia anko isipande, na mkono wa kulia ukizungusha taratibu huku ukiusukuma ukingo upande juu. Ni kazi ya kuzungusha. Kila mzunguko mdomo unapungua kidogo, mpaka unaubana kwa ncha za vidole viwili.

Na ikiwa anko hutokeza kila mara, kila kidonge, tatizo haliko kwenye vidole. Linganisha ugumu wa vitu viwili hivyo kwa kuvibonyeza, kimoja huku na kingine huku. Cha ndani kikiwa laini kuliko cha nje, kitakimbia ukikibana. Kikiwa kigumu, kitatoboa. Vinapaswa kuitika sawa chini ya kidole. Ndiyo yale yale ya maji: kausha kilicho laini, ongeza shira kwenye kilicho kigumu.

Anko ina chenga, au maharage yamegoma kuiva

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wagashi inapoanza na ndipo sisi Waswahili tuna mtaji. Azuki ni ndugu wa damu wa kunde na choroko. Zote ni jenasi moja, Vigna. Maharage meupe ya shiroan, yale wanayoyaita tebo, ni spishi ile ile ya maharage tunayoyanunua sokoni. Mtu aliyekua akichambua maharage kwenye ungo ana macho ambayo mgeni mwingine darasani hana.

Azuki kwa kawaida hailowekwi. Ganda lake haliruhusu maji, hupenya polepole kwenye upenyo mdogo karibu na kitovu cha punje, kwa hiyo huoshwa na kuingia jikoni moja kwa moja. Yakichemka mara ya kwanza, maji hayo mekundu yenye ukakasi humwagwa, kazi inayoitwa shibukiri. Ukiona anko yako inakwaruza ulimi na kubana kooni, uliiruka hatua hiyo. Maharage meupe, kinyume chake, hulowekwa usiku kucha, na ukiwa na subira ukamenya maganda, rangi itatoka safi zaidi. Yachemshwe kweli kweli. Mwaka 2006 hapa Japani watu wengi waliugua baada ya kula maharage meupe yaliyosagwa yakiwa yamekaangwa dakika chache tu. Maharage yasiyoiva yana sumu inayokufa kwa kuchemshwa vizuri.

Yakikataa kuiva, uliza mambo matatu. Ni ya zamani? Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu hata uyachemshe kutwa. Maji yako ni magumu, yaani yenye madini mengi? Kyoto ina maji laini; visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvichumvi, na hayo huchelewesha. Au ulitia sukari mapema? Hilo ndilo kosa la kawaida zaidi. Sukari ikiingia kabla punje haijalainika, punje haitalainika tena. Chukua punje, ibane kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, kidole dhaifu kuliko vyote. Ikisagika bila kulazimisha, sasa tia sukari. Magadi najua yanakuja akilini. Yatalainisha, ndiyo, lakini yatayageuza maharage meupe kuwa ya njano na kuacha ladha ya sabuni ambayo sukari haiwezi kuificha.

Moto uwe wa utulivu, maji yasishuke chini ya usawa wa punje. Moto mkali hupasua maganda. Kuna azuki kubwa iitwayo dainagon, ya eneo la Tanba ikisifiwa sana, ambayo ganda lake halipasuki kirahisi. Wajapani husimulia kwamba ilipewa jina la cheo cha maofisa wa ikulu kwa sababu hao hawakuwa na desturi ya kujipasua tumbo kama samurai.

Sasa chenga. Koshian, anko iliyochekechwa, inatakiwa iwe laini bila maganda. Ukisikia vipande vya ngozi, chekeche ina matundu makubwa au uliisugua kwa nguvu ukapitisha hata maganda. Ukisikia ugumu kama mchanga, maharage hayakuiva. Lakini kuna kosa la tatu, na hili ndilo la jikoni za kisasa: blenda. Ndani ya punje iliyoiva, wanga umefungwa kwenye seli ndogo ndogo, kila seli kama kifuko, na utamu wa anko kinywani hutokana na vifuko hivyo kuteleza vikiwa vizima. Blenda yenye nguvu ikizungushwa muda mrefu huvipasua, wanga unamwagika, na unachopata kinavutika kama gundi. Mtu huyo atakausha na kukausha na bado kitu kinanata. Ponda kwa mkono, pitisha kwenye chekeche huku ukimimina maji, acha uji huo utulie, mwaga maji ya juu, rudia mara mbili au tatu mpaka ya juu yawe maangavu. Kisha mimina kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba na ukamue kwa nguvu zako zote. Kilichobaki mfukoni, kikavu na cha kumeguka, ndicho unachopima: kwa kila gramu 100, sukari gramu 60 hivi.

Kusonga kwake ni kama kusonga ugali, na mwiko wa nyumbani unafaa kabisa. Vaa mikono mirefu. Anko inayochemka hurusha matone yanayoshika ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji ya moto. Chota kwa mwiko na udondoshe: ikitawanyika, endelea, ikisimama kama kichuguu, epua. Epua ikionekana laini kidogo kuliko unavyotaka, kwa kuwa ikipoa itakaza. Na ikishika chini, usiparuze ukoko. Hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine mara moja, kwani harufu ya kuungua ikishaingia haitoki.

Mochi ilikuwa laini jana, leo ni jiwe

Uliiweka kwenye jokofu. Nina hakika kabla hujaniambia.

Wanga ukipikwa hunywa maji na kulainika. Ukipoa huanza kuyaachia na kurudia ugumu wake, na joto linaloharakisha jambo hilo kuliko mengine yote ni lile la jokofu, juu kidogo ya kuganda. Wali wa jana unakuonyesha hivyo hivyo. Daifuku na mochi za kufunikia anko zikae kwenye joto la chumba, zimefungwa, ziliwe siku hiyo hiyo. Ukihitaji kuziweka, ziende friza moja kwa moja zingali laini. Baridi kali huwahi kuyagandisha maji kabla wanga haujakakamaa.

Sukari ndiyo inayoishikilia mochi isikauke, ndiyo maana gyuhi yenye sukari nyingi hukaa laini muda mrefu kuliko mochi tupu ya mchele. Itie kwa awamu tatu, ukikoroga kila mara. Ukiimwaga yote mara moja, donge hulegea na kuwa uji, na utafikiri umezidisha maji.

Madoa meupe magumu ndani yake ni punje za shiratamako ambazo hazikulowana. Unga huo huja kama changarawe ndogo. Tia maji kidogo kidogo, uvunje kwa ncha za vidole mpaka usisikie punje, ndipo uongeze maji yaliyobaki. Ukishaupika, madoa hayo hayatibiki. Na kama donge ni jeupe zito na lina ladha ya unga, halikuiva: mochi iliyoiva huwa na uangavu na huvutika ukiinyanyua kwa mwiko. Angalia pia pakiti. Joshinko hutokana na mchele wa kawaida, hufaa kwa dango, vile vidonge vya mchele vya kuchomekwa kijitini, na haitakupa mvuto wa daifuku hata uipike saa nzima.

Azuki zimebanduka juu ya minazuki

Tarehe 30 Juni watu wa Kyoto hula minazuki, kipande cha pembetatu cha uiro nyeupe, keki laini ya unga iliyopikwa kwa mvuke, chenye azuki juu, kuaga nusu ya mwaka. Tabaka la azuki likibanduka kama kifuniko, tabaka la chini liliiva mpaka mwisho na likashukiwa na matone ya mvuke kabla hujaweka azuki. Bakiza vijiko kadhaa vya uji wa uiro. Tabaka la chini likishika, futa matone kwa karatasi, panga azuki, mimina uji uliobakiza juu yake, rudisha kwenye mvuke. Mfuniko uufunge kitambaa, ncha zake zikiwa juu mbali na moto, ili matone yaishie humo.

Kanten haigandi, au imejitenga

Kanten, inayogandisha vitu vya majimaji kama jeli, hutokana na mwani, na inasimuliwa kwamba ilivumbuliwa Fushimi, kusini mwa Kyoto, karne ya 17, pale mwenye nyumba ya wageni alipokuta mabaki ya chakula cha mwani aliyoyatupa nje yameganda na kukauka kwa baridi. Kwa ndugu zetu Waislamu ni habari njema kwa kuwa haina mfupa wala ngozi ya mnyama, na wagashi nyingi za asili ni za mimea tupu. Hata hivyo uliza darasani kama kuna kilevi, maana sakamanju, mikate midogo ya mvuke yenye anko, mara nyingi hutengenezwa kwa masalia ya sake, pombe ya mchele.

Isipoganda, karibu kila mara haikuchemshwa. Gramu 4 za unga wa kanten kwa nusu lita ya maji, zichemke kabisa dakika mbili huku ukikoroga, ndipo sukari iingie. Ukitanguliza sukari, kanten haiyeyuki vizuri. Limau na maji ya matunda tia baada ya kuepua, kwani uchachu ukichemshwa pamoja nayo huidhoofisha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuirudisha jikoni ukaanza tena, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85. Joto la Tanga au Dar halitaigusa.

Mizu-yokan, yaani anko yenye maji mengi iliyogandishwa kwa kanten, ikijitenga, anko chini na maji maangavu juu, uliimimina ikiwa moto mno. Kanten huanza kuganda kwenye nyuzi 40 hivi. Weka sufuria ndani ya maji baridi, koroga polepole mpaka uone uzito mdogo kwenye mwiko, ndipo umimine.

Rangi na nyuzi

Rangi ya chakula usiidondoshee donge zima. Chukua kipande kidogo, kitie rangi kali kwa ncha ya kijiti, kisha umege kutoka humo na kuchanganya kwenye nyeupe mpaka ufike unapopataka. Rangi ikivuja mpakani mwa pinki na nyeupe, upande mmoja una maji zaidi ya mwingine.

Kinton, ile inayosukumwa kupitia chekeche itoke kama nyuzi, ikikatikakatika imekauka, ikishikamana imelowa. Sukuma wima kwa kiganja, usisugue. Nyuzi zipandikizwe kwa vijiti vyembamba kuanzia chini kwenda juu, bila kuzibonyeza.

"Ni tamu mno, nikapunguza sukari nusu"

Nasikia hili kila mwezi, na naelewa. Lakini nerikiri haikupangwa kuliwa peke yake. Inatangulia matcha isiyotiwa sukari hata chembe, nzito na chungu, na mdomo unauhitaji huo utamu ili uipokee. Aliyekaa barazani na kashata au kipande cha halua mkononi, akisubiri kahawa chungu imiminwe kutoka kwenye dele, anajua vizuri mpango huu. Tena sukari ina kazi yake: inayashika maji. Ukiipunguza nusu, anko inakosa mng'ao na kuanza kuchacha mapema, mochi inakakamaa jioni ile ile, nerikiri inapasuka. Punguza ukubwa wa kipande badala yake. Vya nje gramu 18, vya ndani gramu 12, na kikombe cha kitu kichungu pembeni.

Imegoma kabisa

Anko nyekundu iliyokauka kupita kiasi, yenye chenga, au iliyochoka kwa kukandwa, irudishe kwenye sufuria. Ongeza maji mpaka iwe kama uji mwepesi, tia chumvi kwa ncha ya kidole, ichemke. Hapa Kansai, eneo la Kyoto na Osaka, ikiwa na punje nzima huitwa zenzai, ikiwa imechekechwa huitwa shiruko. Zile mochi zilizokakamaa kwenye jokofu, kama hazina tunda ndani, zichome kwenye kikaangio kikavu mpaka zivimbe, uzitumbukize humo humo zingali za moto, na ugawe kwenye bakuli kabla hazijapoa.